Aliyepaswa Kuwa Nje Ndiye Aliyefunga: Rafu na Filimbi Katika Uhasama wa Florida na Tampa

Aprili 28, 2025, mechi ya 4 kati ya Florida Panthers na Tampa Bay Lightning, raundi ya kwanza ya mtoano wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Canada. Ni kipindi cha pili. Brandon Hagel wa Tampa anaachia kisahani, ndicho mpira wao, kiende mbele, na kabla hajajiweka sawa beki wa Florida, Aaron Ekblad, anamfikia na mkono uliopanda hadi usoni. Kiwiko na kigasha kwa pamoja, kipepsi kama wanavyosema vijana wa mpira. Hagel chini. Marefa wawili wapo, wasaidizi wao wawili wapo, na hakuna aliyenyanyua mkono. Hagel akaenda vyumbani, hakurudi tena.

Mchezo ukaendelea. Zikiwa zimebaki dakika 3 na sekunde 47 Tampa walikuwa mbele 2-1, na aliyesawazisha ni Ekblad huyo huyo. Sekunde 11 baadaye Seth Jones akafunga la tatu. Florida wakamaliza na ushindi wa 4-2, na badala ya hesabu kuwa mechi mbili kwa mbili, ikawa tatu kwa moja.

Baadaye NHL ikamfungia Ekblad mechi 2 kwa kupiga kiwiko. Kwa uamuzi huo ligi yenyewe ilikiri kwamba lile lilikuwa kosa zito lililowapita watu wanne wenye filimbi. Lakini goli lilibaki goli na ushindi ukabaki ushindi. Mimi naona mjadala wa rafu na marefa katika hoki ya barafu uanzie hapa, si pale unapoanziaga kila mwaka, yaani nani anabebwa na nani anaonewa.

Kwa asiyeufuata mchezo huu, maelezo mafupi. Wanacheza watano na kipa kila upande, wakigombania kisahani cha raba ngumu. Kumkumba kwa bega mtu mwenye kisahani ni halali, tena uwanja mzima hushangilia. Kosa ni kumkumba asiye nacho, kumlenga kichwani, kumsukuma ukutani kwa nyuma, au kumpiga mtu kwa kiwiko au kwa gongo lile la kuchezea kisahani. Kosa dogo humtoa mchezaji dakika 2, na wapinzani wakifunga ndani ya muda huo anarudi. Kosa kubwa ni dakika 5 kamili, hata kama timu yake itafungwa mabao manne. Mtoano wenyewe ni wa mechi hadi 7, anayetangulia kushinda 4 ndiye anayepita. Kwa hiyo ni watu wale wale, kwenye barafu ile ile, kila baada ya siku moja au mbili, kwa majuma mawili. Ratiba hiyo peke yake inatosha kuzaa visasi.

Na hawa wawili hawapikiki chungu kimoja. Viwanja vyao viko jimbo moja, umbali wa takriban kilomita 400. Wamekutana kwenye mtoano mwaka 2021, 2022, 2024 na 2025, mara mbili za mwanzo Tampa akapita, mbili za mwisho Florida. Tampa wamebeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, 2020 na 2021, Florida 2024 na 2025. Kwa miaka hiyo, njia ya kwenda kwenye kombe ilipita mara nyingi katika barafu ya jirani.

Tuupange mlolongo wa 2025 vizuri, maana kila shabiki huuanzia pale panapomfaa. Mechi ya 2, Aprili 24: Hagel, yule yule aliyekuja kupigwa, ndiye aliyeanza. Alimkumba nahodha wa Florida, Aleksander Barkov, wakati Barkov hana kisahani. Bega zito, mtu hajajiandaa. Marefa wakampa dakika 5, Barkov akatoka, na Hagel akafungiwa mechi 1. Mechi ya 3: Tampa bila Hagel wakashinda 5-1, ushindi wao pekee katika mfululizo mzima. Mwishoni mwa mechi hiyo Jake Guentzel wa Tampa akafunga kwenye goli lisilo na kipa, maana Florida walikuwa wamemtoa wao waongeze mshambuliaji, na baada ya kuachia kisahani akakumbwa na Matthew Tkachuk wa Florida. Dakika 5 kwa Tkachuk, lakini hakufungiwa. Mechi ya 4: Ekblad. Hagel akakosa mechi ya 5, Florida wakashinda 6-3 na kupita.

Shabiki wa Tampa anasoma hapo upendeleo mtupu: wetu kafungiwa, wa kwao kaachwa, aliyemtoa mwenzetu kwenye mfululizo ndiye aliyesawazisha. Shabiki wa Florida anasoma kinyume: mlianza nyie, mkamlenga nahodha wetu. Wote wanasema kweli kuhusu walichokiona, ila wanachokiona ni nusu. Barkov alirudi mechi ya 3, Hagel hakurudi. Lakini ukimpima Hagel kwa kosa lake, si kwa hali ya Barkov siku mbili baadaye, mechi 1 haikuwa uonevu. Na ukimpima Tkachuk kwa hasira za kuona timu inafungwa nyumbani, unamtia hatiani. Ukimpima kwa kipimo cha muda, yaani sekunde ngapi zilipita tangu Guentzel aachie kisahani, hoja ya kumuachia ipo. Hoki inaruhusu kummalizia mtu aliyetoka kuachia kisahani muda huo huo. Mstari kati ya "muda huo huo" na "kachelewa" ni mwembamba, na anayeuchora ni binadamu.

Sasa marefa. Upo msemo kwamba mtoano ukifika filimbi zinafungiwa kabatini. Si uzushi wa mashabiki tu. Wachezaji wanaujua, makocha wanaujua, na mazoezi yanaupangia. Kinachoitwa kosa mwezi Novemba kinaitwa ushindani mwezi Mei. Machi 2021 tulipewa nafasi ya kuchungulia ndani: katika mechi ya Nashville na Detroit, maikrofoni ilimnasa refa Tim Peel akisema kwamba kosa aliloita halikuwa la maana sana, ila alikuwa anataka kuwapa Nashville adhabu mapema. Siku iliyofuata NHL ikatangaza kwamba hatachezesha tena. Alikuwa amebakiza kama mwezi mmoja astaafu. Wengi walimcheka. Mimi niliona kwamba aliadhibiwa kwa kusikika zaidi kuliko kwa kutenda, maana kusawazisha adhabu ili mechi isiwake moto ni jambo ambalo kila anayeangalia hoki huliona kwa macho. Mwaka mzima hulisikii likikiriwa, halafu mmoja kasahau maikrofoni.

Lakini utetezi wa ukimya wa filimbi upo, na una nguvu kuliko tunavyopenda kukubali tukiwa na hasira. Nenda Aprili 23, 2019, mechi ya 7, San Jose Sharks na Vegas Golden Knights. Kipindi cha tatu Vegas wanaongoza 3-0. Baada ya kisahani kuachiwa kati ya wachezaji wawili kuanzisha mchezo, Cody Eakin anamsukuma Joe Pavelski kwa gongo kifuani. Pavelski anapoteza mizani, anagongana na mchezaji mwingine, anaanguka vibaya, kichwa kinapiga barafu, damu inatoka. Marefa, baada ya kuona damu, wakampa Eakin dakika 5 na kumtoa nje. Ndani ya dakika hizo San Jose wakafunga mabao manne. Manne. Vegas wakasawazisha dakika ya mwisho, kisha Barclay Goodrow akaimaliza kwenye muda wa nyongeza, 5-4. Marefa walikuwa wameadhibu matokeo na si kitendo: ule msukumo usingemwaga damu, usingepewa hata dakika 2. NHL iliwaomba radhi Vegas, na marefa wa mechi ile hawakupangwa raundi iliyofuata.

Ukiwa refa na umeona wenzako wakirudishwa nyumbani kwa filimbi moja, utajifunza nini? Utajifunza kwamba ukinyamaza, lawama zinagawanywa kwa watu wanne na kwa ligi. Ukipuliza, ni zako peke yako. Hilo halihitaji njama wala bahasha.

Isitoshe kazi yenyewe ni ngumu. Kisahani kinakwenda kasi, mchezaji anakuja kwa kasi ya pikipiki ya mtaani, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 marefa ni wawili kila mechi ili mmoja awe karibu, mwingine aone kwa mbali. Hata hivyo macho hufuata kisahani. Makosa mabaya hutokea pale kisahani kilipotoka, si kilipo. Tazama tena tukio la Ekblad: Hagel ameshaachia, mchezo umesogea, macho ya kila mtu yamesogea nao. Sisi tuliokaa kwenye kochi tuliona kwa sababu kamera ilituletea mara ya pili, taratibu, kwa pembe tatu.

Kwa hiyo swali langu si kwa nini refa hakuona. Ni kwa nini hakuruhusiwa kuonyeshwa.

Baada ya mkasa wa San Jose, kuanzia msimu wa 2019-20 NHL iliweka kanuni: refa akiita kosa kubwa, mbali na ugomvi wa ngumi, analikagua kwenye video. Siku hizi anaweza kulithibitisha, kulipunguza kuwa la dakika 2, au kulifuta kabisa. Kanuni nzuri, na imewafundisha marefa ujanja halali: ukiwa na shaka, ita dakika 5 kwanza ili upate ruhusa ya kwenda kwenye skrini, kisha punguza. Tatizo ni kwamba mlango wa skrini unafunguliwa na filimbi. Kama hakuna aliyeita chochote, hakuna cha kukagua. Kanuni ilitungwa kumlinda aliyeadhibiwa kwa makosa, kama Eakin. Aliyeumizwa bila mtu kuona, kama Hagel, haikumtungia kitu.

Wanaopinga kuufungua zaidi mlango huo wana hoja tatu hivi. Mchezo utakatika kila dakika, maana kichwa kuguswa hutokea mara nyingi kwenye mchezo wa kukumbana. Wachezaji wataanza kujiangusha na kushika vichwa, balaa ambalo mpira wa miguu unalijua tangu kabla ya VAR. Na kuna swali la yaliyotokea katikati: kosa limepita, mchezo umeendelea sekunde 50, timu ya mkosaji imefunga, unafuta goli? Hoja ya pili ndiyo inayonisumbua, kwa sababu kwa sasa mchezaji wa hoki anaona aibu kujilaza, na utamaduni huo ukipotea hautarudi. Ya tatu hainisumbui hata kidogo. Tangu msimu wa 2015-16 kocha wa NHL anaweza kupinga goli kwa madai ya kuotea, na goli likafutwa kwa sababu kiatu cha mtu kilivuka mstari wa buluu kwa unene wa kidole, muda mrefu kabla ya kisahani kuingia wavuni. Saa inarudishwa nyuma. Ligi inayokubali kurudisha saa kwa ajili ya unene wa kidole haiwezi kuniambia kwamba kwa kiwiko cha usoni haiwezekani.

Waweke kizingiti cha juu: mchezaji aliyeguswa kichwani ametoka uwanjani na hakurudi mara moja. Chumba cha ligi kilichoko Toronto, ambacho tayari hufuatilia kila mechi, kiwaambie marefa mchezo unaposimama kwa sababu nyingine: nendeni mkaangalie. Si kila mguso, si kila malalamiko ya kocha. Kwa kizingiti hicho, mechi nyingi zitapita bila skrini kuguswa.

Tuje kwa idara inayofungia. NHL ina Idara ya Usalama wa Wachezaji tangu 2011. Aliyeianza ni Brendan Shanahan, na tangu 2017 inaongozwa na George Parros, ambaye alipokuwa mchezaji kazi yake kubwa ilikuwa ngumi. Wapo wanaoona hilo ni kichekesho, kumpa mpiganaji kesi za wapiganaji. Mimi sioni. Anayejua mkono unapandaje kwa makusudi na unapandaje kwa bahati mbaya ni yule aliyekuwepo. Idara hutoa video ikieleza kila adhabu ya kufungiwa, kitu ambacho mashirikisho mengi ya michezo hayathubutu. Tatizo lake liko kwenye bei.

Angalia majira ya mtoano ya 2012. Aprili 11, Shea Weber wa Nashville alimshika kichwa Henrik Zetterberg wa Detroit na kukigongesha kwenye kioo mwisho wa mechi. Faini: dola 2,500, kiwango cha juu cha wakati huo. Hakufungiwa. Siku sita baadaye Raffi Torres wa Phoenix alimrukia Marian Hossa wa Chicago kwa bega kichwani, Hossa akatolewa kwa machela. Marefa hawakuita kosa lolote. Torres alifungiwa mechi 25, zikapunguzwa hadi 21 baada ya rufaa. Tofauti ya 0 na 21 ndani ya juma moja! Utetezi upo: Torres alikuwa na rekodi chafu, Hossa aliumia vibaya, Zetterberg alicheza mechi iliyofuata. Ila hapo hapo unaona kinachopimwa. Kugongesha kichwa cha mtu kwenye kioo si mchezo wa hoki kwa namna yoyote, hakuna kasi ya kusingizia. Torres angalau alikuwa anafanya kitu ambacho, sentimita kadhaa chini, kingekuwa halali. Bei ilifuata jeraha.

Na fedha? Mchezaji anayefungiwa msimu wa kawaida hukatwa mshahara wa siku hizo, na kwa mtu wa mamilioni hiyo huuma. Mishahara ya NHL hulipwa msimu wa kawaida tu. Kwenye mtoano hakuna mshahara, kwa hiyo hakuna cha kukatwa. Faini unazosikia zikitangazwa kuwa ndizo za juu kabisa mara nyingi ni dola 5,000. Kwa hiyo sarafu pekee iliyobaki ni mechi. Wanaotetea adhabu fupi hapa wana neno lao: mechi moja ya mtoano ina uzito wa mechi kadhaa za kawaida, kwa hiyo mechi 1 ya Hagel si sawa na mechi 1 ya Desemba. Nakubali. Lakini uzito huo huo uko upande wa pili wa mizani. Mchezaji unayemwondoa kwa rafu naye anakosa mechi zenye uzito, na hakuna wa kumrudishia.

Hapa ndipo nilipokuwa nataka kufika. Adhabu ya baadaye, hata ikiwa nzito, mara nyingi humlipa mtu asiyedai.

Kisa kikongwe kuliko vyote ni cha Mei 29, 1996. Fainali ya ukanda wa magharibi, mechi ya 6, Colorado Avalanche na Detroit Red Wings. Claude Lemieux wa Colorado alimsukuma Kris Draper kwa nyuma, uso ukaenda ukutani karibu na benchi. Taya, pua na mfupa wa shavu vikavunjika. Colorado wakashinda na kuwatoa Detroit, timu iliyokuwa imeshinda mechi 62 msimu ule. Lemieux akafungiwa mechi 2. Alizitumikia wapi? Kwenye fainali, dhidi ya Florida Panthers, ambao hawakuhusika kwa lolote. Colorado waliwafagia 4-0 hata hivyo. Detroit, wenye mgonjwa wao, hawakunufaika na mechi hizo mbili hata kidogo.

Sasa rudi kwa Ekblad. Mechi yake ya kwanza nje ilikuwa ya 5 dhidi ya Tampa, ambayo Florida walishinda na kumaliza kazi. Ya pili ikaangukia raundi iliyofuata, mechi ya 1 dhidi ya Toronto Maple Leafs. Toronto wakashinda 5-4. Nusu ya deni la Tampa ilikwenda kulipwa Canada.

Na mwenye kudai asipolipwa, hujilipa. Machi 26, 1997 Detroit na Colorado walikutana uwanja wa Joe Louis. Darren McCarty wa Detroit alimshukia Lemieux kwa ngumi, Lemieux akajikunyata chini akifunika kichwa, na mbele kidogo makipa wenyewe, Patrick Roy na Mike Vernon, wakakutana katikati ya uwanja wakazichapa. McCarty hakutolewa. Alikaa nje dakika zake, akarudi, na kwenye muda wa nyongeza ndiye aliyefunga goli la ushindi, 6-5. Detroit wanaisimulia hadithi hiyo mpaka leo kwa furaha. Mimi pia huifurahia, nisidanganye. Ila ukiiweka karibu na ya Ekblad ni hadithi ile ile: mtu ambaye kwa kanuni alipaswa kuwa vyumbani anaoga ndiye anayeamua mechi. Mwaka 2011, fainali ya Vancouver na Boston, Alex Burrows wa Vancouver alimuuma kidole Patrice Bergeron kwenye mechi ya 1. Hakufungiwa. Mechi ya 2 alifunga la ushindi sekunde ya 11 ya muda wa nyongeza.

Mechi ya 3 ya fainali hiyo inatoa upande wa pili wa shilingi. Aaron Rome wa Vancouver alimkumba Nathan Horton baada ya Horton kuachia kisahani, Horton akabebwa kwa machela, na Rome akafungiwa mechi 4, yaani fainali yote iliyobaki. Ligi ilikaza. Boston wakageuza kibao kutoka nyuma mechi mbili wakabeba kombe. Mshabiki wa Vancouver atakuuliza: kwa nini meno yalisamehewa na bega likaamua fainali? Yuko sahihi kuuliza. Hata hivyo angalau safari ile walionufaika na adhabu ni wale wale walioumizwa. Vivyo hivyo 2019, Nazem Kadri wa Toronto alipompiga Jake DeBrusk wa Boston kwa gongo usoni: ligi haikusema mechi tatu au nne, ilisema raundi yote iliyobaki. Zikawa mechi 5, Boston wakapita kwenye ya 7.

Kipimo hicho, kufungia kwa mfululizo badala ya idadi ya mechi, nakipenda kwa sababu kinamlipa anayedai. Kasoro yake iko wazi: ukifanya rafu mechi ya 1 unakosa sita, ukiifanya ya 6 unakosa moja, na ukiifanya ya 7 unakwenda likizo au unakwenda raundi inayofuata ukiwa msafi. Kwa hiyo hakitoshi peke yake, na ndiyo maana nasisitiza skrini wakati mechi ikiendelea. Adhabu inayotolewa dakika ile ndiyo pekee isiyoweza kupotea njia.

Kuna jina nimelikwepa mpaka sasa, Sam Bennett wa Florida. Mei 2024 ngumi yake ilimfikia Brad Marchand, nahodha wa Boston, na Marchand akakosa mechi mbili. Hakufungiwa. Mei 5, 2025, mechi ya 1 ile ile ambayo Ekblad alikuwa anatumikia adhabu, Bennett alipita mbele ya goli la Toronto na kiwiko chake kikamgonga kipa Anthony Stolarz kichwani. Stolarz, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa kipa wa akiba wa Florida hao hao, alitapika kwenye benchi, akatolewa, akapelekwa hospitali. Hakuna filimbi, hakuna kufungiwa. Anayemtetea Bennett atakumbusha kwamba mapema katika mechi ile Stolarz alipigwa na kisahani kwenye kofia, na kwamba mbele ya goli kuna msongamano ambao hakuna anayeudhibiti mkono wake kwa asilimia 100. Hoja hizo si za kutupwa. Lakini zinapokuja mara ya pili na ya tatu kwa mtu yule yule, mimi huanza kuziona nyepesi. Bennett alimaliza mtoano na mabao 15, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Pembeni yake akishangilia kombe alikuwepo Marchand, aliyehamia Florida Machi 2025. Mtu ambaye mwaka 2018 alipewa onyo na ligi kwa kuwalamba wapinzani usoni, mmojawapo akiwa mchezaji wa Tampa. Uhasama wa hoki nao una utani wake.

Je, Florida ni timu chafu? Ni timu inayojua bei ya kila kitu dukani. Kocha Paul Maurice amejenga kikosi kinachobana, kinachokumba, kinachomchosha mpinzani mpaka afanye kosa, na sehemu kubwa ya hayo ni hoki halali na nzuri kuitazama. Rafu chache zilizochanganyika humo ziligharimu kidogo kuliko zilivyoingiza. Tampa nao wangefanya hivyo hivyo kama wangeweza, na kwa bega la Hagel walijaribu. Siwezi kumlaumu mnunuzi kwa bei ya muuzaji.

Na muuzaji anaweza kupandisha bei akitaka. Oktoba 4, 2025, mechi ya maandalizi ya msimu, isiyo na pointi, majirani hawa walipigana mpaka dakika za adhabu zikapita 300. Safari hii NHL haikuishia kwa wachezaji. Iliitoza klabu ya Tampa dola 100,000 na kocha Jon Cooper dola 25,000. Mchezaji hana mshahara wa kukatwa wakati wa mtoano, lakini klabu inauza tiketi na kocha ndiye anayempanga nani aingie barafuni. Kwa hiyo kumbe chombo kipo. Kilitumika kwa mechi ambayo hakuna atakayekumbuka matokeo yake. Kwa kiwiko cha Stolarz, raundi ya pili ya kugombea Kombe la Stanley, Florida hawakutozwa hata senti.